Mota ya Pili

Bwana Halvorsen alitandaza karatasi mbili mezani
kama mtu anayegawa urithi.
Hii ina mota moja, ya nyuma, inasukuma.
Hii ina mbili: ya nyuma inasukuma, ya mbele inavuta,
na tofauti yake ni dola elfu nne,
kabla ya kodi, kabla ya bima,
kabla ya kahawa aliyotupa bure.

Nikasema: kidole kimoja hakivunji chawa.
Mwanamkuu, bila kuyaondoa macho kwenye karatasi:
mshika mbili, moja humponyoka.
Nikasema: hii ni Duluth, mama. Umeuona ule mteremko
Januari, barafu inang'aa kama sahani iliyolambwa?
Akasema: nimeuona. Nimeushuka kwa makalio,
na sare ya kazi mwilini.
Halvorsen akatabasamu, haelewi kitu.

Kisha Mwanamkuu akaanza hesabu,
na hesabu zake sizipendi kwa sababu huwa kweli.
Ya mota moja inakwenda maili mia tatu na ishirini,
ya mbili inapungukiwa thelathini.
Baridi itakula theluthi, haiulizi una mota ngapi,
upepo utamega, na wewe na hita yako mtamega,
na hizo thelathini ndizo zitakazotufikisha
mlangoni kwa dada yangu Minneapolis
badala ya kutuacha kwenye maegesho ya watu tukitazamana.

Sikumwambia kwamba juzi, peke yangu,
niliijaribu ile ya mbili kwenye barabara ya ziwani.
Nikakanyaga, na kiti kikanikumbatia mgongo
kama mjomba aliyenikosa miaka,
nikacheka kwa sauti, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili.
Hiyo utaiandika safu gani?

"Mota ya mbele," Halvorsen akaeleza,
"barabara ikinyooka hulala. Huamka ikihitajika."
Hapo tukatazamana kweli.
Yeye zamu ya usiku hospitalini,
mimi mchana kwenye ghala la vipuri.
Miaka tisa kitanda chetu hakijapoa,
wala hakijabeba wawili siku ya kazi.

Tukachukua moja.
Matairi ya theluji, tukasema,
tutayanunua Novemba, mshahara ukiingia.

Theluji haikungoja mshahara.
Oktoba haijaisha, saa moja na nusu asubuhi,
namtoa kazini, tunapanda, na katikati ya mlima
matairi ya nyuma yakaanza kusaga hewa.
Gari likabaki kusema mmm, mmm,
kama mtu anayetafuta jina alilolisahau.
Taa ya njano ikanikonyeza.
Na mimi nilikuwa na neno tayari ulimini,
nimelitunza tangu Agosti, limeiva.

Kabla sijalitoa, mlango ukafunguka.
Masaa kumi na mawili ameisimamia miguu ile,
na sasa viatu vyake vyeupe vinatafuta pa kukanyaga.
Akafungua buti, akatoa mfuko wa mchanga wa choo cha paka.
Sisi hatufugi paka.
Akaumwaga mbele ya matairi, kiganja kwa kiganja,
kama anayelisha kuku,
kisha akagonga bati mara mbili:
polepole, baba. Polepole, nimesema!
Nikalisikia bega lake likiegemea.
Gari likasita, likauma, likapanda.

Nilimngoja juu, penye tambarare.
Alikuja akihema mvuke,
akaingia, akafunga mkanda, akafumba macho.
"Elfu nne," akasema. "Mchanga, dola sita."
Akalala kabla taa haijageuka kijani,
na lile neno langu nikalimeza,
bichi sasa, lina ukakasi.

Jumamosi hii nimeosha gari lote
isipokuwa pale kwenye buti,
penye alama za viganja viwili, vyeupe kwa chumvi.